Amepangusa chai kwa ramani yangu ya bustani ya klabu!

Ndugu wanajukwaa, ninaandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Mnamjua ninayemsema, yule mkubwa wa kamati ya ukarabati ambaye tumbo lake huingia mkutanoni robo saa kabla yake, kwa hiyo sitapoteza muda kumtaja. Leo asubuhi, mbele ya wajumbe wote, amemwaga chai ya maziwa mezani, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akavuta ramani yangu ya mitaro na kupangusia.

Ramani hiyo si karatasi ya kufungia chapati. Kwa wiki tatu nimepanda na kushuka kilima kile kinachotazama Ziwa Victoria nikipima mteremko, kwa sababu udongo wetu mwekundu, ukiuvua nyasi kabla ya mvua za Machi, huteremka wote hadi bondeni, na bondeni ndiko anakotaka kufyeka mafunjo apate maegesho ya magari, ilhali kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kando ya ziwa hili. Nilipofika kwenye hizo mita 200 katika maelezo yangu ndipo kikombe kilipoinama. Alipangusa kuanzia mtaro wa juu hadi bwawa la kupunguzia kasi ya maji, taratibu, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate, kisha akasema, “Ssebo, maji hayahitaji ramani, yanajua njia yake.”

Anataka pia mvule ulio kando ya ukumbi ukatwe, mitende ya mapambo ipandwe mahali pake, na kivuli kiwe tayari kufikia Krismasi. Hayo ningeyavumilia. Lakini chai! Kitambaa kilikuwa pale pale, kimekunjwa vizuri, chini ya birika.

Fundi Mitaro: Pole sana, ndugu yangu. Hata hivyo, ikiwa ramani ya mitaro imeweza kumeza kikombe kizima bila kufurika, basi mkubwa ameifanyia majaribio na imefaulu.

Mama Bustani: Mwanangu, ulikosea tangu ulipompelekea mistari ya mwinuko, mtu wa namna hiyo hupelekewa picha ya rangi yenye chemchemi na bibi harusi, ndipo anapotia sahihi. Kuhusu kivuli cha Krismasi, mpelekeni kwenye Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, akaiulize miti ile imengoja Krismasi ngapi.

Mwathirika wa Kaloli: Chai huoshwa ikatoka. Klabu yetu ilipangiwa uwanja wa harusi chini ya miti wanamolala wale korongo wakubwa tunaowaita kaloli. Jumamosi iliyopita suti ya bwana harusi, iliyotoka kanisani ikiwa nyeusi, ilikuwa na madoadoa meupe kabla keki haijakatwa, na mbunifu alipoulizwa alijibu kwamba ndege hawakuwamo kwenye mkataba.

Mleta uzi: Ninaomba turudi kwenye chai. Ilikuwa na sukari nyingi, na sasa sisimizi wamejipanga juu ya mtaro wa tatu.

Mzee Paspalamu: Hata sisimizi wameiona njia ya maji, mwache mkubwa wa watu. Wewe wa kaloli, angalau harusi zenu hufanyika juu ya nyasi. Sisi tulipandiwa nyasi za paspalamu katika jua la Januari, shina moja hapa na jingine hatua nzima kutoka hapo, na hadi leo wachezaji wetu wa gofu hupiga kwanza vumbi, kisha huutafuta mpira.

Mwathirika wa Kaloli: Yetu pia ni paspalamu, mzee wangu, lakini mahema yameiua yote katikati. Je, kuna mwenye miche karibu na barabara ya Entebbe?

Mama Bustani: Ninayo tele. Njoo asubuhi na gunia lako, wala usije na ramani.