Wakala kachukua milioni 15 zetu, katuandikia "kuchuma zabibu" Ufaransa mwezi wa Aprili!

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Jambo hili nimekaa nalo wiki tatu nikijaribu kulimaliza kimyakimya. Limenishinda, nalileta hapa.

Sisi ni wakulima sita wa zabibu kutoka Dodoma. Mimi nina ekari tatu, mbili za Makutupora nyekundu na moja ya Chenin Blanc. Huyu Chenin kwao ni bonde la mto Loire, Ufaransa, na tangu siku ya kwanza niliposhika mkasi kumpogolea nimekuwa na hamu ya kumwona alikozaliwa. Tukakubaliana: kila tukiuza zabibu, kila mtu anatenga kidogo. Mavuno manne tumetenga. Kuna mzee wetu wa miaka 68 ambaye hajawahi kupanda ndege, na hela yake aliitoa kabla yetu sote. Mpango ulikuwa tuondoke siku ya Muungano, tukae siku tisa, tuone mashamba ya mvinyo na yale makasri ya wafalme yaliyopangana kando ya mto.

Tukaenda kwa wakala mmoja wa safari, Dar. Simtaji. Malipo ya awali milioni mbili na nusu kila kichwa, jumla milioni 15. Kabla ya kutoa hela niliuliza swali moja tu: "Dada, mwezi wa nne kule zabibu zitakuwepo?" Akanijibu, "Zipo tele kaka, mtachuma kwa mikono yenu." Nikalipa. Ratiba ilipokuja, siku ya nne imeandikwa hivi: "Kuchuma zabibu pamoja na wakulima wa Vouvray." Vouvray ni eneo la mvinyo wa Chenin huko huko Loire.

Sisi huku tunavuna mara mbili kwa mwaka kwa sababu mche wetu haulali, tunauchipusha wenyewe kwa mkasi. Kule mche unalala kipindi chote cha baridi. Mwisho wa Aprili ndiyo kwanza umefungua macho, una vijani vichache tu. Maua yanakuja mwezi wa sita. Kuvuna ni Septemba mpaka Oktoba. Mwezi wa nne mkulima wa Vouvray yuko macho usiku anaogopa jalidi, kwa sababu baridi ikishuka chini ya sifuri usiku mmoja machipukizi yote yanaungua. Wanawasha mishumaa mikubwa katikati ya mistari ya mizabibu, wengine wana mafeni makubwa ya kuchanganya hewa. Mwaka 2021 jalidi ya Aprili iliwaumiza vibaya karibu nchi nzima. Huyo ndiye mtu ambaye wakala anasema atatukaribisha na vikapu vya kuchumia!

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba majira ya kuchipua yana mengi ya kumfaa mkulima. Tungeona wanavyopunguza machipukizi, wanavyofunga matawi kwenye waya, wanavyopigana na hiyo jalidi. Mimi ningelipa kuona hayo kuliko kuchuma. Kuchuma nachuma kwangu. Ila hayo yanahitaji mtu aliyewahi kuuliza swali moja kuhusu zabibu.

Binti wa dada yangu anasoma Tours, hapo hapo Loire. Nikamtumia ratiba, akapiga simu kwa wakulima watatu wa Vouvray kwa Kifaransa chao. Wote watatu hawajawahi kusikia jina la ofisi hiyo. Wakamweleza kwa upole kuwa mkulima mdogo anapokea wageni kwa miadi, na saa sita mpaka saa nane mchana wengi wanafunga kwenda kula. Kwenye ratiba yetu "kuonja" kote ni saa saba mchana. Na mara mbili kuonja kwenyewe kumeandikwa "hotelini". Yaani nitoke Dodoma nikaonje Chenin kwenye baa ya hoteli?

Nikaanza kuipitia siku kwa siku. Siku ya tatu, Jumatatu, "Kasri la Versailles". Versailles hufungwa Jumatatu, kila Jumatatu! Alhamisi, "Kasri la Azay-le-Rideau". Hiyo Alhamisi ni tarehe 1 Mei. Mei Mosi Ufaransa ni sikukuu kubwa ya wafanyakazi, Azay linafungwa, hata mabasi ya miji mingi hayatembei. Kasri hilo limejengwa kwenye kisiwa ndani ya mto Indre, wanasema ukuta wake unajiona kwenye maji. Sisi tungesimama getini.

Ijumaa ndiyo iliyonifanya nipige meza. Chai Amboise, mji wa hapo Loire, mvinyo Bordeaux mchana, chakula cha usiku Amboise. Kutoka Amboise hadi Bordeaux ni zaidi ya kilomita 350 kwa barabara. Ni kama mtu akwambie unywe chai Dodoma, ukaonje kitu Chalinze na kupita, kisha urudi Dodoma kulala. Na nani anaendesha? "Mmoja wa wasafiri", gari la kukodi. Siku hiyo hiyo wameweka sehemu tatu za kuonja. Sheria ya Ufaransa inamtaka dereva asifike gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu. Kuna mzee wa miaka 68 kwenye hilo gari, wakuu. Hili sitalisamehe.

Kwenye maelezo wanasema kasri la Chambord "lilijengwa na Leonardo da Vinci". Leonardo alifariki pale Amboise tarehe 2 Mei 1519, na ujenzi wa Chambord ulianza Septemba mwaka huo huo. Wapo wanaosema ile ngazi ya mizunguko miwili, ambayo anayepanda na anayeshuka hawakutani, ilitokana na mawazo yake, sawa. Lakini mfalme aliyelijenga ni François wa Kwanza. Halafu wanasema kutoka Chambord kwenda kasri la Chenonceau ni "matembezi mafupi". Ni kama kilomita 50!

Kuna kitu kimoja ambacho hawakukiandika kabisa. Chambord lina shamba lake la mizabibu, lilianza kupandwa upya mwaka 2015, na ndani yake kuna Romorantin, zabibu nyeupe ambayo mfalme huyo huyo ndiye aliyeileta eneo lile. Wakulima sita wa zabibu wanapelekwa kwenye kasri lenye shamba la zabibu, na ratiba inasema "picha za kumbukumbu, dakika 45". Hata mahandaki ya Vouvray hayamo. Yale makasri na nyumba nyingi za eneo lile zilijengwa kwa tuffeau, jiwe jeupe laini walilochimba kwenye vilima vya hapo hapo, na mashimo yaliyobaki ndiyo wakulima wanatunzia mvinyo mpaka leo. Jiwe likatoka kwenda kwa mfalme, mvinyo ukaingia mahali pake. Mimi hilo ndilo nililotaka mzee wetu alione.

Nimekwenda ofisini kwao mara mbili, nauli yangu. Yule dada mara ya pili hakutokea. Meneja akaniambia, "Ratiba zote huwa hivyo, mkifika mtarekebisha wenyewe." Turekebishe na nani? Kifaransa hatujui, hela tumeshalipa. Kuhusu malipo ya awali anasema hayarudi. Na viza je? Wanataka tupeleke ratiba hii hii kwa maofisa wa viza, tulipe euro 90 kila mmoja ambazo ukinyimwa hurudishiwi, tukate na bima yenye kinga ya euro 30,000. Ofisa akikuta tunakwenda kuchuma zabibu Aprili na kuingia Versailles Jumatatu, ataamini kuwa sisi ni wakulima wa zabibu?

Nimemwandikia meneja barua, nakala ninayo na mhuri wa kupokelewa. Nimempa hadi Ijumaa ijayo arudishe milioni 15 zote. Asiporudisha, Jumatatu asubuhi niko Tume ya Ushindani na risiti zetu sita.

Aliyewahi kudai malipo ya awali kwa wakala wa safari na akayapata, naomba aniambie alianzia wapi na alipeleka karatasi gani. Na mwenye ndugu au rafiki anayefanya kazi kwenye mashamba ya Vouvray, Chinon au Bourgueil, aje PM. Safari hatujaifuta. Yule binti wa Tours amekwishapata mkulima mmoja wa Chenin aliyesema twende mwezi wa tano katikati, atupokee saa nne asubuhi, na ameuliza kama tunaweza kumletea picha za mizabibu yetu.