Binti yangu kachaguliwa uhandisi Mlimani. Mimi ni fundi seremala Kasulu, nimwandae vipi?

FundiWaKasulu

Habari zenu wakuu. Binti yangu wa kwanza kachaguliwa kusoma uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Kwenye ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, kwa hiyo nielekezeni kama mtu asiyejua kitu.

Alisoma PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, akapata daraja la kwanza pointi tano, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), karudi wiki tatu zilizopita. Vyuo viwili vilimchagua, na ameshathibitisha Mlimani kwa ile namba ya siri inayoingia kwenye simu. Mkopo ameomba ila majina bado hayajatoka.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Muuza duka mmoja hapa mjini kaniambia mwanafunzi wa uhandisi hawezi kusoma bila laptopu mpya, na anayo ya 1,800,000. Mimi nina ekari moja ya michikichi na kuna mtu anaitaka hata kesho. Halafu mke wangu anasema nimsindikize mtoto hadi Dar, wazee wenzangu wanasema ametoka jeshini, ni mkubwa, nauli yangu apewe yeye.

Na kuna jambo jingine sijui nilisemeje. Kanisani wametuchangia 412,000, na Jumapili ijayo wanataka kumsimamisha mbele wamwombee. Kila anayekutana naye njiani anamwita "injinia wetu". Mtoto huyu alikuwa mtu wa kucheka, lakini tangu majina ya waliochaguliwa chuo yatoke hali chakula vizuri. Nikimuuliza ananijibu, "Niko sawa baba."

MamaWawili_Moro

Hongera sana kaka, wewe na mama yake. Kijana wangu yuko mwaka wa tatu hapohapo, nakuambia niliyoyapitia.

Shamba usiuze. Michikichi inakupa mawese kila mwaka, na uhandisi ni miaka minne. Mwaka wa pili akikwama utauza nini? Na wadogo zake je?

Anachohitaji kwanza ni hela ya kula wiki sita za mwanzo. Hata akipata mkopo, pesa ya chakula na malazi, hiyo wanafunzi wanayoita bumu, huingia baada ya yeye kusajiliwa chuoni na kusaini. Ni 10,000 kwa siku, lakini haimsubiri getini siku anayoshuka na begi. Piga hesabu ya 6,000 kwa siku kwa siku 42, unapata 252,000. Hiyo itoke kwenye mchango wa kanisani, iwekwe benki kwenye akaunti yenye jina lake, asitembee nayo kwenye basi. Mkopo ukitoka pungufu msikate tamaa, huwa linafunguliwa dirisha la rufaa, akate rufaa na vielelezo vyote.

Karatasi: cheti cha kuzaliwa, cheti halisi cha kidato cha nne, matokeo ya kidato cha sita, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), picha ndogo za kutosha. Toa nakala za kila kitu na seti moja ibaki nyumbani kwako. Fomu ya daktari ijazwe hospitali ya serikali hukohuko Kasulu, asije kupanga foleni Dar. Kama hana bima, ya wanafunzi ni 50,400 kwa mwaka. Mengine yote yamo kwenye maelekezo ya kujiunga, yasomeni pamoja neno kwa neno. Mimi nilisoma juujuu nikajikuta nanunua vitu mara mbili.

Mzalendo_Jr

Uza tu mzee. Elimu ndiyo urithi, shamba utanunua lingine akianza kazi.

Injinia_Dodoma

Mzalendo, hapo sikubaliani nawe hata kidogo, na sababu yangu siyo pesa. Ukimuuzia shamba, yule binti ataingia chumba cha mtihani akiwa na ekari moja mgongoni. Shikamoo mzee wangu. Hilo uliloshindwa kulisema mimi nalijua, niruhusu niandike kwa urefu.

Nilisoma uhandisi chuo kingine. Kijijini kwetu nilikuwa wa kwanza kwenda. Walichinja mbuzi wawili, mwenyekiti wa kijiji akahutubia, bibi yangu akanivisha shuka jipya mabegani. Jaribio la kwanza la hesabu nikapata 7 kati ya 20. Tangu naanza shule nilikuwa sijawahi kutoka tatu bora. Ile karatasi niliikunja mara nne nikaitia mfuko wa sweta, na jioni baba alipopiga simu nikamwambia "vizuri tu baba".

Ndivyo nilivyoanza. Mwisho wa mwaka nilikuwa na masomo matatu ya kusapu, yaani kurudia mtihani. Likizo wenzangu wakaenda makwao, mimi nikabaki kujiandaa, nyumbani nikasema niko mafunzo kwa vitendo. Baba akauza kuku akanitumia 40,000, akaandika "nauli ya mafunzoni, uwaheshimu wakubwa wa kazi". Nilisoma ujumbe ule nimekaa kitandani saa nane usiku. Sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu wote waliokuwa wananipenda walikuwa wamekula wale mbuzi.

Nilipita, namshukuru Mungu. Mwenzangu wa chumba kimoja hakupita. Alidisko, yaani aliondolewa chuo kwa kufeli, na kwao walikuja kujua baada ya mwaka mzima. Hakuwa na akili pungufu kuliko mimi. Alikuwa anaogopa kuuliza darasani na anaogopa kusema nyumbani, basi akabaki peke yake katikati.

Mzee wangu, vyuo kama Mlimani vinakusanya wale waliokuwa wa kwanza kila shule. Hapo wakiketi pamoja lazima wengine wawe wa katikati na wengine wa mwisho. Hakuna aliyemwambia binti yako jambo hilo, maana walimu wake wote walikuwa wanamsifu. Mwambie wewe, kabla hajapanda basi. Mwambie: ukipata 7 nipigie mimi siku hiyohiyo, sitagomba na sitamwambia mtu. Halafu uitimize ahadi hiyo, hata siku ukiwa na hasira. Na ukimpigia, usianze na "umepata ngapi". Muulize amekula nini, leo amekaa na nani.

Ibada ya kumwombea nendeni, ni jambo jema. Ila zungumza na mchungaji mapema amwombee kama mtoto anayeanza safari, asimtangaze injinia.

Neema_mwaka2

Shikamoo baba. Mimi nipo mwaka wa pili hapo hapo Mlimani, uhandisi pia, ujenzi. Kaka wa Dodoma kanitoa machozi.

Laptopu: mwaka wa kwanza masomo mengi ni hesabu, michoro na misingi ambayo wote tunasoma. Kuna maabara za kompyuta, na maktaba mpya iliyofunguliwa 2018 inachukua zaidi ya watu 2,000. Mimi nilikaa muhula mzima bila laptopu yangu. Nikaja kununua iliyotumika kwa pesa ya bumu niliyojibana, ina RAM ya GB 8 na diski ya SSD, inafungua programu za kuchorea bila shida. Akija aulize waliomtangulia darasani, ndio wanajua ipi inafaa. Kikokotoo kizuri na vifaa vya kuchorea ndiyo anunue sasa.

Baba msindikize. Baba yangu alinileta, na mwanzoni niliona aibu kwa sababu nilidhani nitaonekana mtoto. Tulishuka stendi ya Magufuli Mbezi Luis alfajiri, akabeba ndoo yangu kichwani hadi kwenye daladala. Alikaa siku mbili kwa ndugu. Alikula nami kafeteria, akakiona kitanda changu, akatembea mwenyewe kuanzia hosteli hadi madarasa ya Yombo akihesabu dakika. Sasa nikimwambia "baba niko kwenye vimbweta nasoma" anajua ni zile meza na viti vya zege chini ya miti, anajua na giza linaingiaje pale. Nikimpigia simu ninaongea na mtu anayepajua ninapoishi.

Kitu kimoja awe nacho makini: atapigiwa simu na watu wanaojifanya wana nafasi ya hosteli, atume pesa haraka kabla haijachukuliwa. Akate. Chumba kinaombwa kwenye akaunti yake ya chuo, na kulipia ni kwa namba ya malipo inayotoka humohumo. Akikosa chumba asikubali nyumba ya dalali bila wewe au mtu mzima kuiona.

Na atafute kikundi cha kusomea wiki ya kwanza, asisubiri jaribio. Mimi nilichelewa kwa kuwa niliona wenzangu wanaongea Kiingereza kizuri kuliko mimi. Kumbe na wao walikuwa hawajaelewa somo.

FundiWaKasulu

Ndugu zangu nimesoma yote, na ya Injinia nimeyasoma mara tatu. Asante.

Jana jioni nilimwita binti karakana, mama yake akiwa sokoni. Nilimwambia kama ulivyoniandikia, 7 kati ya 20, nipigie siku hiyohiyo. Alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti. Akaendelea kupiga msasa muda mrefu bila kunitazama. Baadaye akaniuliza, "Na nikirudishwa nyumbani je?" Nikamwambia karakana hii ina benchi mbili, na tutatafuta njia nyingine ya kusoma. Ndipo akalia. Usiku alikula ugali wote.

Shamba siuzi. Mchungaji nimeshamwona, kaelewa. Tutasafiri wote wawili, wazee nimewaambia nauli yangu natoa mwenyewe kwenye kazi ya milango ya shule.

Swali la mwisho kwa Neema. Namtengenezea sanduku la mninga lenye kufuli la kuwekea vitu vyake. Vitanda vya hapo vya deka, uvungu una kimo gani? Nisije nikasafirisha sanduku kutoka Kasulu likakataa kuingia.

Neema_mwaka2

Baba nimepima cha kwangu sasa hivi kwa rula, sentimita 31 hadi kwenye chuma. Vya hosteli nyingine vinaweza kupungua kidogo, fanya 27. Na mninga ni mzito, pembeni uweke mishikio miwili ya kamba tubebe watu wawili. Namba yangu nakutumia kwa ujumbe wa faragha. Mkifika Mbezi nipigie, nitawakuta getini.