Nyasi bandia mbele ya nyumba, Mbeya: fundi anataka kutandika juu ya udongo mtupu, nimkubalie?

Mkazi wa Isyesye
Wakuu, habari za mchana. Nipo Mbeya, Isyesye. Mbele ya nyumba nina kiuwanja cha kama mita 8 kwa 5 ambacho kimenishinda. Kuanzia Novemba mpaka Aprili ni tope, watoto wanaingia nalo hadi kitandani. Ikifika Agosti tope lile lile limeshakuwa vumbi. Mama watoto kaona nyasi bandia kwenye saluni moja Mwanjelwa, sasa wimbo ni huo asubuhi na jioni.

Fundi niliyempata anasema kazi ni ya nusu siku: anasawazisha udongo kwa reki, anatandika, anapigilia misumari pembeni, basi. Bei yake nafuu mno, na hapo ndipo ninaposita, maana nilishalizwa kwenye dari. Mliofanya hii kitu nyumbani, kwa mvua zetu hizi, naombeni mwongozo.

Mlima Loleza
Panda ukoka mkuu. Mbeya hii mbegu inaota hata juu ya bati.

Mkazi wa Isyesye
Nimepanda mara mbili. Watoto watatu na mpira mmoja, ukoka haufiki Krismasi.

Koleo na Bima
Huyo anakutandikia godoro juu ya dimbwi. Hizi ndizo kazi zangu, na nyingi ninazoitwa ni za kufumua zilizotandikwa hivyo hivyo. Udongo ukilowa unadidimia pale miguu inapopita sana, msimu mmoja tu una mabonde. Zulia lenyewe lina vitundu mgongoni vya kupitisha maji, sawa, lakini yakishapita yanakwenda wapi kama chini ni mfinyanzi?

Chimba utoe udongo sentimita 10 hadi 12. Jaza kokoto, shindilia kwa kompakta ya kukodi, siyo kwa kukanyagakanyaga. Juu yake mwaga vumbi la kokoto sentimita 2 au 3, nyunyiza maji kidogo, shindilia tena. Kwa mita zako 40 za mraba hiyo ni kama mita 4 za ujazo za kokoto na moja ya vumbi. Uso uwe na mteremko unaokimbia nyumba: kwenye ule upana wa mita 5, tofauti ya sentimita 5 hadi 10 inatosha, macho hayataiona ila maji yataiona.

Rola zinakuja za upana wa mita 2 au 4. Tafuta ya 4, utakuwa na kiungio kimoja tu. Za mita 2 zinakupa viungio vitatu, na hapo kwenye kiungio ndipo panapoanza kufumuka. Ila pima kwanza kwa utepe, usiseme "kama mita 8". Ikiwa ni 8 na sentimita 10 umeshapungukiwa. Nyuzi zote zilalie upande mmoja, la sivyo jua likipiga kipande kimoja kitaonekana cheusi na kingine cheupe. Kiungio kinabandikwa kwa gundi juu ya utepe wake maalumu, na gundi haitaki mvua, kwa hiyo kazi hii ni ya kiangazi.

Kabla ya yote, chimba shimo la futi moja leo jioni, jaza maji, kesho uje utuambie.

Mpira Mezani
Na zile ndefu za uwanjani kama Nyamagana kule Mwanza? Si ndiyo imara zaidi?

Koleo na Bima
Hapana kaka, zile zinajazwa punje za mpira katikati ya nyuzi. Utaokota punje kwenye ugali. Nyumbani milimita 25 hadi 35 tosha kabisa, halafu unamwaga mchanga mkavu, kilo 5 hivi kwa kila mita ya mraba, unausugua kwa ufagio mgumu uzame. Ndio unaosimamisha nyuzi na kulishika zulia lisijikunje.

Mama Kamwene
Kamwene! Mimi nipo Iringa, ninazo mwaka wa tatu. Mafundi hawakwambii haya: saa saba mchana, jua la Oktoba, mtoto hakanyagi pekupeku. Hii ni plastiki, inachemka hata kama upepo ni wa baridi. Mimi namwagia maji. Halafu jiko la mkaa liwe mbali, cheche moja tu na una tundu la kudumu. Langu lipo karibu na ngazi, nimeliwekea chungu cha maua. Upande usiopata jua unaota utelezi wa kijani masika, brashi na sabuni ya unga vinautoa. Kama una mbwa, Mungu akusaidie na ile harufu.

Lakini tope ndani? Nimesahau lilivyokuwa.

Mkazi wa Isyesye
Ndaga fijo wote. Nimerudi na majibu ya shimo. Jana saa kumi na mbili jioni nimemwaga ndoo mbili. Leo asubuhi maji yapo karibu yote, kuku wa jirani wanakunywa. Fundi nimemwonyesha, akasema "hiyo ni kwa sababu ya mvua ya juzi". Juzi haikunyesha.

Nimemlipa nauli. Mkuu Koleo, kwa mfinyanzi huu kokoto peke yake zitafaa, au nianze na mfereji?

Koleo na Bima
Mfereji kwanza. Upande wa chini, bomba lenye matundu ndani ya kokoto, ulitoe hadi kwenye mtaro wa barabara. Utepe wa kupimia unao?