Picha za kale za Kilimanjaro: zirudi zenyewe au nakala zinatosha?

Wadau, wapo wanaosema picha na kumbukumbu zote za mwanzo za Mlima Kilimanjaro zilizoko Ulaya zirudishwe Tanzania zenyewe, si nakala. Wengine wanajibu kwamba siku hizi kila kitu kinaskaniwa, ya nini kuhangaika? Mimi sikubaliani na upande wowote, na naomba mnipinge kwa hoja.

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilitangazwa 1973 na kufunguliwa rasmi 1977, lakini kumbukumbu za mlima zilianza zamani kabla ya hapo. Mjerumani Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kibo, kirefu kuliko vyote mlimani, tarehe 6 Oktoba 1889 akiwa na Ludwig Purtscheller, ameacha picha zinazotunzwa Leipzig, Ujerumani. Mjerumani mwingine, Fritz Klute, alipiga picha za upimaji mwaka 1912, na ramani iliyotokana nazo ndiyo inayolinganishwa na hali ya leo: barafu ilikuwa kilomita za mraba 12 hivi, kufikia 2011 zilibaki chini ya 2. Rubani Mswisi Walter Mittelholzer naye aliipiga picha Kibo kutoka kwenye ndege. Picha zake ziko maktaba ya ETH, chuo kikuu cha Zürich, Uswisi, na unaweza kuzipakua bure.

Hilo la bure lisitulaze. Angalieni picha za misafara ya enzi zile. Mzungu ana jina, kilele kina jina na urefu wake, lakini waliobeba mahema, chakula na hata hiyo kamera wameandikwa "wapagazi", basi. Nakala ya picha kama hiyo ikija Moshi inakuja na dharau ileile.

Chukueni habari ya Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu. Mwaka 1989, ilipotimia miaka 100 tangu safari ile, alienziwa kuwa ndiye aliyemwongoza Meyer. Maandishi ya Meyer mwenyewe yanamtaja Mwini Amani wa Pangani, aliyekaa naye kambi ya juu. Basi kuna wanaomfuta Lauwo kwa sababu ya maandishi hayo, na kuna wanaompuuza Mwini Amani kwa kuwa si mtu wa mlimani. Naona wote wawili wanaonewa. Meyer alikuwa na watu wengi, akaandika aliowaona wa maana kwake. Kutoandikwa si ushahidi kwamba mtu hakuwepo, na sifa za Lauwo haziwezi kuwa sababu ya kumsahau mtu wa pwani aliyevumilia baridi ile.

Kwa hiyo tudai kwanza haki ya kuandika maelezo. Nakala zije, wazee wa Marangu, Old Moshi, Machame na Rombo wakae nazo mezani. Mtunza nyaraka wa Leipzig anaona migomba tu. Mzee wa pale anaona kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha ukoo fulani na mfereji uliokipelekea maji. Mtaniambia kila ukoo utajitukuza. Sawa, iandikwe nani kasema nini na lini, na wakitofautiana yabaki yote.

Karatasi za mipaka ya msitu na hifadhi ndizo zinazoniuma zaidi, kwa sababu hizo si za kumbukumbu tu. Ukanda wa nusu maili pembezoni mwa msitu uliwekwa 1941 ili wananchi wapate kuni, nguzo na majani ya ng'ombe bila kuumaliza msitu. Mwaka 2005 hifadhi ya taifa ilipanuliwa ikachukua hifadhi ya msitu. Mama anayeshikwa na mzigo wa majani kichwani anastahili kuiona ramani ya kwanza kwa macho yake, kijijini kwake, bila kuandika barua ya maombi.

Sasa ninyi mnaotaka picha zenyewe, zile za kale zilizopigwa kwenye sahani za vioo, zitangulie: zitawekwa wapi, Moshi au Dar es Salaam, na ufunguo wa chumba hicho atakuwa nao nani?