Kijana wangu (15) kamgonga mtu na pikipiki yangu. Nikisema nilikuwa naendesha mimi, nitakuwa nimemwokoa?

Baba Wawili
Habari zenu wakuu. Niende moja kwa moja maana sijalala.

Juzi jioni kijana wangu wa kwanza, miaka 15, alichukua pikipiki yangu nikiwa nimejipumzisha ndani. Akamgonga mzee wa watu aliyekuwa anavuka barabara. Mzee kavunjika mguu, yuko wodini. Kijana alikuja mbio kuniita, nikafika pale kabla ya polisi, kwa hiyo polisi walinikuta mimi nimeshika pikipiki. Wameichukua, na kesho saa tatu natakiwa kituoni kuandika maelezo. Mpaka sasa hakuna aliyeniuliza nani alikuwa anaendesha.

Shemeji yangu anasema kosa la mtoto ni la mzazi, nibebe tu, yaishe. Leseni ninayo, bima iko hai. Mdogo wa majeruhi naye kaleta karatasi nisaini kwamba "nitawajibika kwa kila kitu". Nifanyeje?

Kauzu
Beba mkuu. Mzazi ni nani kama si huyo? Dogo ana maisha mbele.

Karani wa Zamani
Kauzu, ushauri huo unazalisha wafungwa wawili badala ya mmoja.

Baba Wawili, nimekaa mahakamani miaka mingi, si wakili, ila hili nimeliona sana. Shemeji yako amechanganya jinai, yaani kosa la kushtakiwa, na madai, yaani kulipana fidia. Jinai haihami kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Aliyetenda ndiye anayeshtakiwa, na kama ni mtoto kuna umri ambao chini yake hashtakiwi kabisa. Tanzania ni miaka 10, na kati ya 10 na 12 lazima ithibitike kwamba alijua anachofanya ni kosa. Kenya walikuwa na miaka 8 hadi sheria mpya ya watoto ya 2022 ilipopandisha hadi 12. Wako ana 15, karibu kila mahali huyo anajibu mwenyewe, ila kama mtoto: mahakama ya watoto, bila hadhara, na kumfungia ni hatua ya mwisho kabisa.

Ukisema uliendesha wewe, umetengeneza kosa jipya ambalo sasa ni lako kweli: kudanganya polisi. Pale barabarani palikuwa na watu. Unadhani hakuna hata mmoja aliyemwona mtoto akishuka?

Sheria Kidogo
Tena umeshaandika mpango mzima hapa, kila mtu anasoma 😅

Naongezea upande wa madai, maana huko ndiko mzazi anakoguswa, na nchi hazifanani. Ufaransa mzazi mwenye mamlaka ya malezi juu ya mtoto analipa uharibifu hata kama hakuzembea popote. Ujerumani anadhaniwa amezembea, lakini akionyesha kwamba alimwangalia mtoto ipasavyo anapona. Nchi zilizorithi sheria za Uingereza kanuni ni nyingine: hulipi eti kwa sababu wewe ni baba, unalipa kama uzembe wako mwenyewe ndio uliofungua mlango. Pia kule Uingereza kwenyewe mtoto wa chini ya miaka 16 akipigwa faini, mahakama kwa kawaida inamwagiza mzazi ailipe.

Mama Pacha
Mimi nina swali ambalo wanaume mmelikwepa. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuichukua?

Baba Wawili
Dada umenibana. Hapana. Mwezi uliopita aliichukua mara mbili, nikafoka yakaisha. Ufunguo unakaa kwenye msumari karibu na mlango. Na kuna siku nilimtuma mwenyewe akajaze mafuta.

Mama Pacha
Ndiyo maana niliuliza. Umekuwa ukiandika kama mtu aliyeibiwa.

Karani wa Zamani
Na hapo ndipo kesi yako wewe ilipo. Nchi nyingi mwenye chombo akimruhusu asiye na leseni aendeshe, hilo ni kosa la mwenye chombo, linasimama peke yake. Upande wa fidia, wakili wa mzee atauliza kitu kimoja tu: ulijua anaweza kuichukua? Ulijua, na ukaacha ufunguo msumarini.

Mfano wa kutisha upo Marekani, jimbo la Michigan. Mwaka 2021 mvulana wa miaka 15 aliua wanafunzi wanne shuleni kwa bastola aliyonunuliwa na baba yake siku chache kabla. Mwaka 2024 wazazi wote wawili, James na Jennifer Crumbley, walihukumiwa miaka 10 hadi 15 kila mmoja. Ukisikiliza harakaharaka utadhani walibebeshwa kosa la mtoto. Walihukumiwa kwa ya kwao: silaha haikufungiwa, na dalili walizoonyeshwa walizipuuza. Yako si ya uzito huo hata kidogo, lakini swali ni lile lile.

Kauzu
Sawa nimefuta kauli. Ila bima si italipa?

Sheria Kidogo
Inategemea mkataba. Mara nyingi bima inamlipa majeruhi, kisha inakugeukia wewe irudishiwe kwa sababu mwendeshaji hakuwa na leseni. Inauma, lakini ukiwadanganya nani aliendesha umeongeza udanganyifu juu yake. Wape taarifa leo, kwa maandishi, usingoje kesi.

Karatasi ya mdogo wake mzee usisaini. "Kila kitu" haina mwisho. Kama unataka kusaidia matibabu, na nadhani unataka, lipa moja kwa moja hospitali, tunza risiti, na iandikwe kwamba ni msaada. Na msije mkadhani mkielewana na familia jinai imekufa. Hiyo si yao kuifuta.

Karani wa Zamani
Kesho nenda na wakili kama unaweza, au ulizia msaada wa kisheria. Kijana asihojiwe akiwa peke yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 40, unampa msaada wa kisheria, na halazimishwi kukiri. Ukifika omba afisa ustawi wa jamii ajulishwe.

Baba Wawili
Nimerudi kuwapa mrejesho. Jana bima niliwaandikia. Wakili wa msaada wa kisheria alikuja nasi kituoni. Nilimwambia mpelelezi nani alikuwa anaendesha, akaniambia walishajua tangu siku ya kwanza, kuna mashahidi watatu. Kijana kaandika maelezo mimi nikiwa pembeni. Mimi nimeandika ya kwangu, na la ufunguo nimelitaja. Wakili anasema huenda tukashtakiwa wote, kila mtu na lake. Tumeambiwa turudi wiki ijayo.

Mzee bado hajakubali kutuona.