Mrejesho: Meno ya kubebea magogo kwenye kijiko cha trekta

Ndugu zangu, niliwauliza namna ya kuongeza meno marefu ya chuma, ya kufunga na kufungua, kwenye kijiko cha mbele cha trekta, ili nibebe magogo ya misonobari shambani Mufindi bila kuyaburuta. Niliyabana kwa boliti kwenye mdomo wa kijiko kama mlivyoshauri, lakini gogo la kwanza lilipoegemea ncha za meno, mdomo ulipinda kiasi cha upana wa kidole. Nimeunyoosha, kisha nikaunganisha meno hayo kwa chuma kimoja cha kukingama kinachogawa uzito. Kwa kuwa mzigo umesogea mbele, magurudumu ya nyuma yalinyanyuka; sasa nimefunga pipa la zege nyuma, na gogo nalibeba chini, karibu kabisa na ardhi. Ahsanteni sana.