Hii tabia ya kutafsiri juu ya nyimbo ikome! Wameiharibu Joseph yetu ya utotoni

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitazunguka. Nani aliwaambia wauza CD wa mjini wachukue onyesho la muziki, ambalo watu wanaimba mwanzo hadi mwisho, halafu wapachike sauti ya mtu anayeongea juu ya kila wimbo?

Nazungumzia Joseph and the Amazing Technicolor Dreamcoat, ile ya video ya mwaka 1999, Donny Osmond akiwa Yusufu. Mliokulia Dar miaka ya mwanzoni mwa 2000 bila shaka mnaikumbuka. Televisheni Bara ilianza 1994, kwa hiyo sisi ndio kizazi cha kwanza kukua nayo sebuleni, au tuseme kwenye sebule ya jirani. Kwetu Temeke ilikuwa ikirushwa sikukuu, na nyumba yenye TV ilijaa watoto mpaka kibarazani. Kiingereza hatukijui, na hakuna aliyelalamika. Wenzetu wa madrasa walikuwa wanamjua Nabii Yusuf, ana sura yake nzima ndani ya Qurani, ya 12. Sisi wa Sunday school tulishasimuliwa Mwanzo 37 na kuendelea. Ndoto, kanzu, shimo, Misri, njaa, vyote tulivijua kabla havijafika, na kwa sababu hiyo masikio yetu yote yalikuwa kwenye muziki. Wimbo wa kanzu unataja rangi 29 mfululizo. Dada yangu alizikariri zote kwa wimbo, wakati nusu yake hakujua ni rangi za namna gani.

Sasa nina watoto wangu. Nikataka waione. Nikaenda Kariakoo, kwenye duka moja la CD, nikaipata. Kava lina picha yenyewe, Osmond na ile kanzu, nikafurahi kama mtu aliyeokota hela. Pembeni kuna maandishi madogo: "Imetafsiriwa". Nikamuuliza kijana kama ipo isiyotafsiriwa. Akaniambia, "Dada, hizo hazitoki. Watu wanataka kuelewa."

Nimefika nyumbani, nikaweka kwenye deki, watoto wamekaa mkekani. Kwanza picha imevutwa ubavuni, kila mtu ana uso mpana. Chini ya kioo inapita namba ya simu ya duka, haikai hata dakika moja bila kurudi. Hayo ningeyavumilia. Kisha Yusufu anatupwa gerezani. Mnaikumbuka sehemu hiyo? Ni Close Every Door. Anaanza taratibu, peke yake, karibu kwa kunong'ona, halafu watoto wanaitikia na sauti inapanda. Ndio moyo wa onyesho zima. Mtafsiri akaingia juu yake kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "Sasa hapa bwana jamaa yupo ndani, ana mawazo kinoma, anakumbuka kwao!" Na muziki umepunguzwa ili yeye asikike. Umepunguzwa mpaka kwaya imebaki kama inaimbia nyumba ya pili. Akaendelea kuongea hadi wimbo ukaisha. Akapenyeza na tangazo la filamu nyingine waliyonayo dukani.

Mwanangu wa kwanza akaniuliza, "Mama, huyo kaka mbona haachi wengine waongee?"

Nisieleweke vibaya. Siwachukii watafsiri wa filamu. Marehemu Lufufu alitufanya tuzipende filamu za mapigano ambazo tusingezielewa, na kazi ile ilikuwa na ufundi wake. Lakini filamu ya ngumi ina nafasi. Watu wanakimbia, wanavizia, wanapigana, na humo katikati mtu anaweza kuongea bila kuharibu kitu. Joseph haina nafasi hiyo hata kidogo, kwa sababu karibu kila neno linaimbwa. Tena msimulizi yumo tayari! Maria Friedman kazi yake yote mle ndani ni kuisimulia hadithi kwa kuimba, anatembea katikati ya wahusika, anawaelekeza watoto. Mmemchukua msimulizi mnamfunika na msimulizi mwingine.

Na waliotunga waliuweka mchezo kwenye muziki wenyewe. Andrew Lloyd Webber na Tim Rice waliiandikia shule, ikaimbwa mara ya kwanza na wanafunzi wa Colet Court, London, Machi 1968, ikiwa ya dakika 15 tu kabla ya kurefushwa. Hata video ya 1999 inaanzia kwenye ukumbi wa shule, wanafunzi wamekaa, walimu wanageuka kuwa wahusika. Sasa ili watoto wasichoke, kila tukio likapewa muziki wa aina yake. Kaka zake wanapomdanganya Yakobo kwamba mwanawe amekufa, wanaomboleza kwa kantri ya Marekani. Njaa ikiwabana, wanalia kwa mtindo wa nyimbo za zamani za Kifaransa. Farao anaimba ndoto zake kama Elvis Presley, na watoto wanacheka kwa sababu wanamsikia mfalme wa Misri akiguna kama Elvis. Ukikata sauti hapo, mtoto anaona tu mzee wa dhahabu anakata kiuno. Atacheka nini?

Kisha kubwa kuliko yote: nakala imekatwa! Kikombe kimekutwa kwenye gunia la Benyamini, ndugu wanaanza kumtetea kwa kalipso, muziki wa Karibi, wimbo ambao mtaa mzima tulikuwa tunaucheza, na hapo hapo kioo kikawa cheusi. Imeanza filamu ya Kinaijeria. Wamebana filamu nyingi kwenye CD moja, zilipogoma kuenea wakanyofoa mwisho wa hii. Kwa hiyo wanangu hawajamwona Yusufu akijitambulisha kwa ndugu zake. Hawajamwona Yakobo, yule mzee Richard Attenborough, akifika Misri kumkumbatia mwanawe. Hadithi nzima inakwenda kwenye msamaha ule, na bila huo walichokiona hakina maana. Onyesho lenyewe halifiki hata saa moja na nusu!

Nikamwomba ndugu yangu aliyeko Uingereza anitumie orijino. Ikafika, safi, ina nailoni yake. Deki ikaikataa. DVD zimegawiwa kwa kanda za dunia, na deki inacheza za kanda yake tu: Uingereza ni ya 2, Tanzania tumewekwa ya 5. Misri yenyewe wako ya 2 pamoja na Ulaya. Yaani mtu analipa pesa halali, analipia na posta, halafu anafungiwa kwa sababu ya anapoishi. Halafu tunashangaa watu kwenda kununua za kuchoma.

Sheria yetu ya hakimiliki ni ya mwaka 1999, umri sawa na video hii. Sitaki kusikia kwamba hakuna utaratibu. Na hata kama mtaendelea kutafsiri, wekeni maandishi chini ya picha, sauti muiache. Au tafsirini kabla wimbo haujaanza, kwa sentensi mbili, kisha mnyamaze. Mtoto wa Dar anamjua Yusufu. Anachohitaji ni kumsikia anaimba.

Naomba msaada kwa mambo mawili. Moja, mwenye nakala nzima, isiyo na mtu anayeongea juu, aseme anauza kiasi gani. Niko tayari kuifuata hata Bunju. Mbili, mafundi wa deki, kufungua kanda kunafanyika vipi kwa remoti, na deki za aina gani zinakubali? Na kama wewe uliyetafsiri upo humu, usinijibu inbox. Jibu hapa hapa watu wote waone.